Ng'ombe Hahesabiwi

12 Februari
Mvua: nzuri, tangu alfajiri. Mahindi ya shamba la juu yamefika magotini. Daftari hili nilipewa na bwana shamba ili niandike mvua, mbegu na tarehe za kupanda. Basi kazi yake nimeimaliza, na mistari iliyobaki ni yangu.

Brightness amerudi kutoka hospitali Katesh akiwa amefungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, kuanzia pajani mpaka kwenye kifundo. Ameanza darasa la kwanza juzijuzi tu. Alipanda punda wa maji bila ruhusa ili amwonyeshe mdogo wake Modest kwamba anaweza, na punda naye akawaonyesha wote wawili kwamba hapandwi. Mfupa wa chini ya goti umevunjika.

Mchana Mwalimu Bernadina, mwalimu mkuu, amekuja kutupa pole. Nikamwambia mtoto hawezi kuvuka korongo na mguu ule, na masika ndiyo haya. Akasema, "Baba Brightness, apone kwanza. Julai tukifungua mlete nimpime. Akijua kusoma, kuandika na kuhesabu kama wenzake, anaendelea nao. Asipojua, tutamwanzisha upya Januari na wale wadogo."

Januari ndipo Modest anapoanza shule. Brightness alisikia kila kitu kutoka kitandani. Mwalimu alipoondoka, akajifunika blanketi mpaka kichwani.

"Baba, nitakaa dawati moja na Modest?"

Kabla sijajibu, mama yake akasema, "Hutakaa."

"Atafundishwa na nani?" nikauliza.

"Na mimi."

Paskalina, mke wangu, aliishia kidato cha pili. Nikacheka. Yeye hakucheka.

15 Februari
Mvua: kidogo. Nilipita dukani nikanunua chaki boksi moja. Paskalina ameziweka juu ya kabati, karibu na sumu ya panya.

16 Februari
Hakuna mvua. Leo nimeiona shule yenyewe. Mwalimu, yaani mke wangu, amemwaga majivu ya jikoni kwenye sinia, akayasawazisha kwa kiganja, na wanafunzi wanaandika humo kwa vidole. Wakikosea, sinia linatikiswa na kosa limekwisha. Brightness anakaa kwenye gunia la pumba, mguu ameunyoosha mbele kama mtu anayezuia njia. Modest hajaalikwa, lakini amekuja, na pua yake ina majivu. Nikauliza hii ni shule au ni jikoni. Nikaambiwa kama sina kazi, kuni zinahitajika.

22 Februari
Mvua kubwa. Herufi sasa zinafinyangwa kwa udongo. Kuna "a" imekaa dirishani inakauka na kuku ameidonoa tumbo. Kuhesabu: vizuri, mpaka ishirini, kwenda na kurudi. Kusoma: bado.

1 Machi
Mvua: nzuri. Kusoma: bado.

6 Machi
Tumepanda maharage. Nilitaka tumalize mapema, kumbe leo shamba nalo ni darasa. Paskalina alichukua kamba yangu ya kupandia, ile yenye mafundo, akampa Brightness aishike mwisho wa mstari akiwa amekaa kwenye gunia lake. Mimi nachimba, Modest anatumbukiza mbegu, na yule bibi wa kwenye gunia anapiga kelele kila fundo: "Mbili! Nne! Sita!" Modest akifika mwisho, dada yake anamwambia mashimo yalikuwa mangapi na mbegu ngapi. Tulikwenda taratibu sana. Jirani mmoja aliyepita na jembe lake alituuliza kama tunapanda au tunaimba kwaya.

Nilikuwa na hasira mpaka jioni. Naiandika ili ijulikane nilikuwa nayo.

16 Machi
Mvua: nzuri. Maharage yameota. Mstari wa tano umeota shimo baada ya shimo, safi, halafu katikati kuna tupu, halafu ukingoni kuna kichaka cha maharage kinachotosha kumficha sungura. Modest alichoka siku ile akamwaga kopo zima kwenye shimo moja.

Nilikuwa nimeshavunja fimbo. Paskalina akasema, "Subiri, hili ni somo bora kuliko yote." Akamwita Modest, akamwambia ang'oe miche ya kile kichaka mmoja mmoja na kuipanga chini, kisha aende nayo kwenye tupu, kila shimo miwili. Brightness akiwa ameegemea bega langu akasema, "Itafika mpaka kwenye lile jiwe." Ikafika kwenye jiwe, hasa. Modest alilia kidogo, halafu akasahau kulia kwa sababu alitaka kuona kama itafika.

Mimi kugawanya nilifundishwa kwa fimbo na mpaka leo nikigawanya nasikia maumivu ya viganja. Hawa wamegawanya wakicheka. Fimbo niliyovunja nimeitumia kuswagia mbuzi.

25 Machi
Mvua. Kuhesabu: mpaka mia. Kusoma: bado. Herufi anazijua zote, ukimpa moja moja anazitaja kama majina ya shangazi zake. Ukiziunganisha anakutazama tu. Paskalina hasemi, lakini jana alichoma maharage mpaka yakanuka, na yeye si mtu wa kuunguza.

3 Aprili
Hogo limetolewa Katesh. Mguu umekonda kama wa korongo ndege. Daktari amesema atembee na fimbo, polepole, asivuke maji wala tope. Njia nzima ameinua mguu akiushangaa.

9 Aprili
Mawingu mazito juu ya Hanang, mlima haujaonekana siku nzima. Leo naandika kirefu.

Kwanza nieleze. Mzee Gidahosh ni jirani yetu upande wa mbugani, Mbarbaig, mfugaji. Baba yake na baba yangu walipatana zamani: sisi tukishavuna, ng'ombe wake wanakula mabua yetu na kutuachia samadi, na watoto wetu wanakunywa maziwa yake. Hatujawahi kuandikishana. Kila asubuhi mjukuu wake analeta kibuyu cha maziwa, na kila siku mzee hupitisha ng'ombe wake mbele ya uzio wetu kwenda majini.

Somo la Paskalina wiki hii lilikuwa kuhesabu kila kinachopita barabarani. Bodaboda, mbwa, akina mama wa mnadani. Brightness amekaa kwenye gunia lake ukingoni mwa uzio na fimbo yake, Modest pembeni anaweka kijiwe kwa kila kilichohesabiwa. Wakapita ng'ombe wa Gidahosh. Binti yangu akanyoosha kidole, akawahesabu kwa sauti ya kupandia maharage, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Mzee alisimama. "Mama Brightness. Mtoto anafanya nini?"

"Shikamoo mzee. Anahesabu. Ni somo."

Hakuitikia shikamoo. Aliwapiga miluzi ng'ombe wake, akaondoka.

Mimi nilikuwa shamba la juu. Niliporudi Paskalina alinieleza habari hiyo kwa furaha, ati mtoto amefika mbali bila kukosea. Nilikaa chini. Paskalina ametoka Mbulu, kwenye vilima, ambako watu wana ng'ombe wachache na wanalala nao ndani ya nyumba. Kule kuhesabu ng'ombe ni sawa na kuhesabu masufuria. Huku chini kila mtoto anajua: ng'ombe wa Mbarbaig hahesabiwi, wala hanyooshewi kidole. Ukimhesabu umemwonyesha njia ya kuondoka.

"Hukuniambia," akasema.

"Nani anamwambia mtu mzima jambo kama hilo?"

13 Aprili
Mvua ya ajabu, usiku na mchana. Korongo limejaa mpaka kwenye mizizi ya migunga. Ng'ombe mmoja wa Gidahosh, jike lenye ndama, ameteleza kwenye tope la kivuko, akakwama, na maji yakamkuta pale pale. Vijana walivuta kamba mpaka wakachoka. Amekufa.

14 Aprili
Maziwa hayakuja.

15 Aprili
Mvua. Maziwa hayakuja. Mzee anapitisha ng'ombe njia ya nyuma, kwa mzunguko mrefu, asipite kwetu.

Nimemwambia Paskalina maneno makali. Nimesema hizi ndizo faida za shule za barabarani, kwamba angeacha mtoto akarudia darasa kama watoto wengine wanavyorudia, kwamba mabua tutakula wenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Kisha akasema, "Umemaliza? Sasa nenda kamwangalie binti yako."

Brightness alikuwa nyuma ya nyumba. Aliniuliza bila kugeuka, "Baba, ni mimi niliyemuua?"

"Ni maji."

"Lakini nilimhesabu."

Nilimwambia aingie ndani, kuna baridi. Hasira yangu yote iliishia pale, nikabaki na aibu tu.

18 Aprili
Mvua: sijapima. Sinia la majivu limekaa juu ya kabati. Mama yake alimwekea Brightness maharage matatu tu mbele yake, akayasukuma. Hataki kuhesabu. Hata vijiko mezani hataki. Modest aliposema "moja, mbili" akigawa viazi, alimziba mdomo.

Kusoma: bado. Kuhesabu: hataki. Julai haiko mbali, na mahali tulipokuwa na uhakika ndipo palipobomoka.

21 Aprili
Jua limetoka kidogo. Asubuhi Paskalina amevaa kitenge chake cha kanisani. "Tunakwenda kwa Mzee Gidahosh," akasema. "Mimi na mwanangu. Ukitaka kuja, beba mtoto, njia ina tope."

Mkono mtupu haulambwi. Alikuwa amemwagiza kaka yake huko Mbulu asali ya nyuki wadogo, ikafika na gari la mnadani jana bila mimi kujua. Nilimbeba Brightness mgongoni, mguu wake mwembamba ukinigonga ubavuni, na njia nzima hakusema kitu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya boma lake. Tukamsalimia wote, safari hii akaitikia. Paskalina aliweka asali chini, akasema moja kwa moja, "Mzee, mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemtuma. Huko kwetu sikulijua jambo hili. Nisamehe."

Mzee aliiangalia asali. Nami nilikuwa natayarisha maneno ya kiume, ya baba yake na baba yangu, lakini Brightness alishuka mgongoni mwangu, akachechemea mpaka mbele yake.

"Babu, ng'ombe wako amekufa kwa sababu yangu?"

Nilidhani nitazama kwenye tope. Mzee alisogeza kigoda chake karibu naye. Kiswahili chake hukitoa kwa kukichagua.

"Ng'ombe amekufa na maji," akasema. "Mimi nilikuwa hapo. Niliona. Maji hayasikilizi mtoto." Halafu akasema, "Lakini kile kidole, mimi sikupenda."

"Sitanyoosha tena."

"Sasa sikiliza. Ng'ombe si maharage. Mama yako, jioni, anakuhesabu wewe na ndugu yako?"

"Hapana."

"Sasa anajua namna gani kama wewe hauko?"

Brightness alifikiri. "Anaona tu."

"Basi," akasema mzee, na akachukua asali.

Tulikaa mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Mzee alimsimamisha Brightness pembeni ya lango, na kila ng'ombe alipoingia alimtaja jina kwa lugha yao na kumwambia maana yake: Mwekundu wa Pua Nyeupe, Pembe Moja, Aliyezaliwa Safarini, Binti wa Majivu. Wakaingia wote. Mzee akatazama lile boma lililojaa migongo, akasema, "Yule mwenye mkia mfupi hayuko." Kijana akatumwa. Alimkuta nyuma ya kichuguu anakula.

Njia ya kurudi Brightness aliniongelesha sikioni bila kupumzika. Nilisikia majina ya ng'ombe mpaka nyumbani.

22 Aprili
Maziwa yamekuja.

27 Aprili
Mvua nyepesi. Kila jioni sasa lazima apelekwe bomani, na anayepeleka ni mimi. Jana aliwataja nusu yao bila msaada. Leo aliporudi alimuuliza mama yake, "Pembe Moja inaandikwaje? Nitamsahau."

Paskalina alikuwa anakoroga uji. Aliuacha ukafurika. Alishusha sinia la majivu kutoka kabatini kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

2 Mei
Maboksi yote ya sabuni nyumbani yamekatwa. Kila kipande kina ng'ombe aliyechorwa kwa mkaa, na chini yake jina. Ba na be zilimshinda kwa miezi, lakini "Aliyezaliwa Safarini" ameliandika mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka kama njia ya kwenda Mbulu. Kisha akalisoma. Kisha akavisoma vyote. Kisha akasoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea, na ya kwenye kalenda ya parokia, na chupa ya dawa ya mbuzi, na akaniuliza "tikisa kabla ya kutumia" maana yake nini.

Kusoma: ndiyo. Ndiyo!

Naona niandike na hili. Nimeishi na mwanamke huyu miaka, nikidhani namjua. Sikujua kwamba anaweza kusubiri hivi. Angekuwa mtu mwingine angemtwanga yule mtoto kwa ba be bi bo bu mpaka akayachukia maandishi. Yeye alishika jambo lililotutia aibu mbele ya watu akaligeuza kuwa somo, na wala hajivuni. Namwonea fahari sana. Bado sijamwambia. Nitamwambia.

3 Mei
Sijamwambia. Nimemchotea maji.

11 Mei
Mvua zinapungua. Brightness amepeleka kadi zake kwa Mzee Gidahosh. Mzee alizipanga mapajani, akazitazama moja moja.

"Hii ni kuhesabu?" akauliza.

"Hapana babu. Ni kuita."

Akafikiri. "Basi mwite na yule aliyekufa. Ndama wake yuko hapa."

Brightness hakuwahi kumjua jina. Akaambiwa: Macho ya Mvua. Alikaa chini pale pale kwenye samadi akaandika, mzee akisubiri, na kadi ile mzee akaifunga kwenye pindo la shuka lake.

24 Mei
Hakuna mvua. Kuhesabu kumerudi, kwa sheria zake mwenyewe. Maharage yanahesabika. Mayai, mashimo, vijiko, ngazi za kanisa. Lakini chenye pumzi hakihesabiwi: kuku hapana, mbuzi hapana, watu hapana. Nikamuuliza kuku wetu wako wangapi. "Wapo wote," akasema. Tulicheka sana. Paskalina akasema mwacheni, kila shule ina sheria zake.

8 Juni
Tumeng'oa maharage. Kile kichaka cha Modest kilichohamishwa kimezaa kama wenzake. Kila mtoto amepewa sado lake la kupimia, na mabishano ya nani kajaza mpaka pomoni yamesikika mpaka kwa Gidahosh.

20 Juni
Upepo, baridi kali. Anatembea bila fimbo mpaka kisimani. Hakuna jingine.

30 Juni
Paskalina hali chakula vizuri. Nikamwuliza, akasema, "Kama nimemfundisha vibaya, atakayelipa si mimi." Nikatamani kumwambia yale ya tarehe mbili Mei. Nikamwambia ale.

4 Julai, Ijumaa
Leo ndiyo leo. Tumekwenda shuleni wote wanne, Modest naye kwa kuwa hakuna wa kumwachia. Brightness amevuka korongo kwa miguu yake, limekauka, limebaki mchanga tu. Pale kivukoni alisimama kidogo. Hatukumharakisha.

Mwalimu Bernadina alitukaribisha ofisini. Ni mwanamke wa haki, lakini uso wake hauna mlango. Alimpa kitabu. Brightness alisoma na kidole, polepole, habari ya ng'ombe na mto, na nilipoona neno "ng'ombe" linakuja nilijua halimsumbui. Aliandika sentensi alizosomewa. Ya kwanza ilikuwa na kosa, akaomba aifute, akaambiwa haifutwi, hiyo ni kalamu. Nikakumbuka majivu.

Kisha mwalimu akafungua karatasi yenye picha. Ng'ombe wanakunywa maji, kundi zima. "Hesabu, uniambie wako wangapi."

Brightness akaitazama picha. Akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Hesabu, mwanangu."

Mikono ikabaki nyuma.

"Hujui, au hutaki?"

"Najua, mwalimu. Ila ng'ombe hahesabiwi."

Miezi yote, sinia, kamba, tope, asali, halafu inaishia hapa kwenye ng'ombe wa karatasi. Nilitaka kusema, mwanangu, hawa si wa mtu, hesabu tu tuondoke. Nikafungua mdomo. Paskalina akakanyaga mguu wangu chini ya meza, na sikuwahi kujua ana uzito ule.

"Hawa ni picha tu," mwalimu akasema.

"Lakini wana mwenyewe," Brightness akasema. Na kweli, pembeni ya picha kulikuwa na mtu amechorwa na fimbo yake. Sisi sote hatukumwona.

Mwalimu Bernadina alivua miwani. Alivuta boksi la chaki, akamwaga vipande mezani. Binti yangu akavihesabu mbili mbili kwa sauti ya shambani mpaka ofisi ya jirani ikachungulia. Akaambiwa atoe, akatoa. Akaambiwa agawie watoto watano, akagawa, na kilichobaki akampa Modest. Mwalimu akaandika. Halafu akairudia ile picha, akaigeuza ili Brightness aitazame vizuri kwanza, kisha akafunika sehemu kwa kiganja.

"Nani hayupo?"

Brightness hakusita hata kidogo. "Mwenye baka jeupe begani. Na ndama wake."

Mwalimu aliinua kiganja. Walikuwa hapo, baka jeupe na ndama. Akaivaa miwani yake.

"Swali lilisema wako wangapi, na hukujibu," akasema. "Hapo nitaweka sifuri, kwa sababu ndivyo lilivyoulizwa." Akaandika sifuri, tukaiona. Akajumlisha mengine, kalamu ikishuka taratibu. Kisha akafunga faili, akamtazama Paskalina, si mimi.

"Mama Brightness, Jumatatu aje na ufagio."

Mtoto anayeambiwa alete ufagio ni mwanafunzi. Anaendelea na wenzake. Paskalina alisema "asante mwalimu" vizuri kabisa, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia akicheka. Nilikaa karibu naye nikamwambia yote ya tarehe mbili Mei, vibaya vibaya, bila mpangilio. Akasema, "Nilikusikia uliponichotea maji."

Jioni mzee Gidahosh alipoambiwa habari ya picha, alitaka kujua jambo moja tu: wale ng'ombe walikuwa wanene?

7 Julai, Jumatatu
Hakuna mvua, na haitakuwepo mpaka Novemba. Bwana shamba, msimu wako umekwisha hapa.

Brightness ameondoka alfajiri na wenzake, sare imempwaya, ufagio begani. Hakugeuka nyuma. Tulisimama kwenye uzio mpaka waliposhuka korongoni na kutokea ng'ambo.

Nilibaki kurekebisha ghala ili mahindi yakivunwa yapate pa kuingia. Paskalina akafanya kazi zake za asubuhi, halafu kwa mazoea akashusha sinia, akasawazisha majivu, akaweka mafungu ya maharage, moja upande huu, moja upande wa gunia. Modest akaja akakaa mahali pake. Akalitazama lile gunia tupu. Hakuhesabu kitu.

"Mama," akasema, "Brightness hayupo."

Paskalina akainama kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. Mimi nikaiweka nyundo chini, nikaingia, nikakaa kwenye gunia. Ni la chini sana, magoti yalinifika kidevuni. Modest akanisogezea fungu la maharage, akanionyesha kwa kidole pa kuanzia.